Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Somo kuhusu Kondoo Wanaonyonyoka Manyoya

Kwa kiongozi wa kikundi: Somo hili ni la mikutano miwili. Mkutano wa kwanza someni hadithi na sehemu ya 1 mpaka ya 4. Mkutano wa pili ufanyieni zizini kwa mmoja wenu, mkiwa na kondoo mbele yenu. Asiyejua kusoma asikae nyuma. Katika somo hili macho na vidole vina kazi kubwa kuliko kalamu.

HADITHI YA KUANZIA

(Hadithi hii ni mfano wa kufungua mazungumzo. Isomwe kwa sauti.)

Kati ya Ruiru na Thika palikuwa na kikundi cha kina mama kumi. Walianza na kondoo majike watano. Utaratibu wao ulikuwa rahisi: aliyepewa kondoo, akizaa, mwanakondoo jike wa kwanza anakwenda kwa mwenzake anayefuata kwenye orodha.

Ikafika zamu ya bibi mmoja mjane ambaye wote walimwita Shosho. Akaletewa mwanakondoo mnene, mzuri wa kutazama. Baada ya wiki chache mwanakondoo akaanza kujisugua kwenye mabati ya zizi, na manyoya yakabaki yamening'inia hapo. Shosho akanunua unga wa kuua chawa wa kuku, akampaka. Haukusaidia kitu. Akaona haya kuwaambia wenzake, wasije wakasema hajui kufuga. Kumbe mama aliyempa mwanakondoo huyo naye alikuwa amewaona wake wakijikuna kabla ya kumtoa, akanyamaza.

Miezi ikapita. Kondoo wa watu sita wakawa uchi ubavuni. Broka alipokuja aliwatazama, akacheka kidogo, akataja nusu ya bei.

Siku ya mkutano mweka hazina akauliza kwa ukali, "Ni nani alituletea ugonjwa huu?" Kimya. Ndipo Shosho akasimama. "Wanangu, mimi niliona mapema nikanyamaza. Aliyenipa pia aliona akanyamaza. Msiulize ni nani alileta. Ulizeni ni kwa nini tuliogopa kusema."

Tutarudi kwa swali la Shosho mwisho wa somo. Kwanza tumjue adui.

1. SI KILA KUNYONYOKA NI UGONJWA

Ukiona manyoya yakidondoka usikimbilie agroveti. Jiulize kwanza: kondoo wangu ni wa aina gani?

Kondoo aina ya Dorper, ambao wengi wetu sasa tunawapenda kwa sababu ya nyama, walitengenezwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Persia mwenye kichwa cheusi. Wana nywele na sufu zilizochanganyika, na kwa kawaida yao hupukutisha sufu wenyewe. Dorper anaweza kuonekana kama godoro lililopasuka, na hana shida yoyote. Kondoo Mwekundu wa Kimasai yeye ni wa nywele tangu zamani, kwa hiyo usitarajie sufu. Lakini Merino na Corriedale ni kondoo wa sufu. Hao hukatwa manyoya kwa makasi. Wakinyonyoka wenyewe, kuna jambo.

Tena kondoo yeyote aliyepata homa kali, aliyekosa chakula wakati wa kiangazi au aliyezaa akiwa amekonda anaweza kuangusha manyoya baada ya wiki kadhaa. Huyu ngozi yake ni safi na hajikuni. Dawa yake ni chakula kizuri, maji na chumvi ya kondoo.

Kwa hiyo maswali ni matatu:
– Je, anajikuna?
– Ngozi chini ya manyoya ikoje?
– Ni mmoja tu au ni wengi?

Kama hajikuni na ngozi ni safi, tulia. Kama anajikuna, endelea na sehemu inayofuata.

2. NAMNA YA KUKAGUA

Shikeni kondoo mchana, mahali penye mwanga. Mmoja ashike kichwa, mwingine apasue manyoya kwa vidole mpaka ngozi ionekane. Anzeni begani, mfuate mgongo, mbavu, mkia, kisha tumbo na masikio. Pasueni mahali kumi, msiridhike na mahali pamoja.

Kisha fanyeni jaribio hili. Mkune kondoo kwa nguvu pale palipoathirika. Mwenye upele atachezesha midomo, atalamba hewa na kutafuna kama anayekula kitu kitamu. Hiyo ni dalili ya muwasho mkali.

Mkiona ukoko, kwangueni kidogo kwa kisu butu pembeni mwa kidonda, si katikati, kwa maana wadudu wa upele hukaa ukingoni, ambako kidonda kinapanuka. Wekeni ukwangu huo juu ya karatasi nyeusi juani. Mwenye macho mazuri, au mwenye kioo cha kukuzia, anaweza kuona vinukta vyeupe vikitembea. Msipoona kitu msiseme hakuna. Tieni ukwangu kwenye kichupa safi chenye kifuniko, mpeni daktari wa mifugo wa kaunti ndogo yenu. Maabara ya mifugo iko Kabete, si mbali nasi.

3. WANAOKULA NGOZI YA KONDOO

(a) Upele. Huletwa na utitiri mdogo sana, usiofika milimita moja. Hautobоi mashimo, huishi juu ya ngozi na kuichokoza mpaka itoe maji ya manjano ambayo hukauka kuwa ukoko. Manyoya hulowa, hushikana, kisha hung'oka kwa mafungu. Huanzia mara nyingi begani, mgongoni na mbavuni. Kondoo hali vizuri kwa sababu ya kujikuna, hukonda, na mwanakondoo anaweza kufa. Yai la utitiri huu huwa mdudu mzima kwa muda wa wiki mbili hivi. Jambo la kukumbuka: utitiri ulioanguka waweza kuishi nje ya kondoo zaidi ya wiki mbili, kwenye nguzo, ukuta, kamba au gari lililobeba kondoo.

(b) Chawa. Hawa utawaona kwa macho, wadogo, rangi ya kahawia hafifu, wakikimbia unapopasua manyoya. Mayai yao hunata kwenye unywele. Kondoo hujing'ata ubavuni na kuvuta manyoya kwa meno. Ngozi haina ukoko mnene kama wa upele. Chawa huzidi kwa kondoo waliokonda, kwa hiyo ukiwakuta uliza pia kuhusu chakula na minyoo.

(c) Inzi asiye na mabawa. Watu wengi humwita kupe, lakini si kupe. Kupe mzima ana miguu minane na hujishikiza mahali pamoja. Huyu ana miguu sita, ni wa kahawia, ana vinywele, na hukimbia ndani ya manyoya. Hunyonya damu. Vifuko vyake vya kahawia hunata kwenye manyoya.

(d) Kupe. Kupe hanyonyoi manyoya sana, bali hutoboa ngozi, huacha vidonda na huleta magonjwa mengine. Sisi wa sehemu hizi tuna sababu ya pekee ya kumwogopa. Mwaka 1910 ulianza kuchunguzwa, karibu na Nairobi, ugonjwa wa kondoo wa homa na kuhara unaoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Daktari Montgomery aliuandika mwaka 1917, na mpaka leo duniani kote unaitwa ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Kondoo waliozaliwa mahali penye kupe hawa huwa na kinga, lakini wanaoletwa kutoka sehemu zisizo na kupe huweza kufa wengi sana. Ukinunua kondoo kutoka nyanda za baridi ukamleta Juja au Ruiru, mkinge na kupe tangu siku ya kwanza.

4. YANAYOFANANA NA UPELE LAKINI SIYO

– Mashilingi (mapunye): duara kavu zisizo na nywele, hasa usoni na masikioni. Hayawashi sana. Huambukiza watu, hasa watoto, kwa hiyo nawa mikono.

– Magamba ya mvua: baada ya mvua ndefu manyoya hushikana kuwa vipande vigumu kama mbao. Ni ugonjwa wa bakteria. Sindano ya upele haiutibu. Tafuta ushauri wa daktari na mpe kondoo mahali pakavu pa kulala.

– Lantana: ule ua tunaopanda mipakani ni sumu. Kondoo aliyeula hudhurika na jua. Masikio na uso huvimba, ngozi hubambuka. Mweke kivulini, mwite daktari.

– Ndui ya kondoo: vipele vigumu usoni, chini ya mkia na penye ngozi isiyo na manyoya, pamoja na homa. Usimhamishe kondoo huyo hata hatua moja. Piga simu kwa afisa wa mifugo.

Neno moja kuhusu madini. Utasikia mtu akisema, "Huyu anakosa shaba, mpe chumvi ya ng'ombe." Usifanye hivyo. Kondoo anadhurika na shaba upesi kuliko mifugo wengine, na sisi tunaishi katikati ya kahawa. Kwa miaka mingi mikahawa imenyunyiziwa dawa za shaba kuzuia kutu ya majani na ugonjwa wa matunda. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa na watafiti wa kahawa pale Ruiru mwaka 1985, inastahimili magonjwa hayo mawili na imepunguza kunyunyizia, lakini mikahawa ya zamani bado ipo. Kondoo anayekula nyasi chini ya kahawa iliyonyunyiziwa, kisha akapewa chumvi yenye shaba, anaweza kufa ghafla, mkojo mwekundu. Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ni ya kondoo.

5. KILA MDUDU NA DAWA YAKE

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tusome polepole.

Sindano ya ivermektini huua utitiri wa upele, lakini haimalizi chawa wanaotafuna. Dawa ya kumiminia mgongoni huua chawa, lakini haitoshi kumaliza upele. Sasa mtu akichanganya mambo haya mawili atanunua dawa nzuri, ataitumia vizuri, na kondoo atabaki vilevile. Halafu atasema dawa ni feki.

Kwa upele: sindano ya ivermektini ya asilimia 1 hupewa chini ya ngozi, mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Kondoo wa kilo 25 apewa nusu mililita, wa kilo 35 apewa mililita 0.7. Hurudiwa baada ya siku 7. Sindano moja haitoshi, hata kama kondoo ameacha kujikuna. Njia nyingine ni kuogesha kwenye dipu yenye diazinoni: kondoo akae ndani dakika moja nzima na kichwa kizamishwe mara mbili. Kunyunyizia kwa pampu ya mgongoni hakumalizi upele, kwa sababu dawa haifiki ngozini kila mahali.

Kwa chawa: dawa ya kumiminia au kuogesha iliyoandikwa kuwa ni ya kondoo. Rudia baada ya wiki 2, kwa sababu dawa haiui mayai.

Kwa inzi asiye na mabawa: dawa za chawa humuua, lakini vifuko vyake hubaki. Rudia baada ya wiki 4.

Kwa kupe: dawa ya kupe kufuatana na maandishi ya chupa, hasa masikioni, chini ya mkia na katikati ya miguu.

Usikisie uzito. Ukimpa dawa pungufu unawafundisha wadudu kuizoea. Uingereza katika miaka ya karibuni umepatikana utitiri wa upele usiokufa kwa sindano za aina hii, na hapa Kenya ipo minyoo ya tumbo iliyozoea dawa. Tumieni mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia. Mfungeni kondoo kwa gunia lililotobolewa miguu, mpimeni, andikeni.

6. SIKU YA DAWA YA KIKUNDI

Tupige hesabu. Kikundi cha watu 10, kila mmoja ana kondoo 3. Jumla ni kondoo 30. Tukisema wana kilo 30 kila mmoja, hizo ni kilo 900. Kilo 900 gawanya kwa 50 ni mililita 18. Mara mbili ni mililita 36. Chupa moja ya mililita 50 inatosha kikundi kizima, na kingine kinabaki cha kumwagika. Lakini kila mtu akienda peke yake, zitanunuliwa chupa kumi, au tuseme ukweli, zitanunuliwa tatu na wengine saba watangoja waone.

Na hao saba ndio watakaoambukiza tena wale watatu. Kondoo wetu hukutana kando ya barabara ya Thika, kwenye njia ya reli, kwenye machimbo ya mawe na kingo za Ndarugu. Ua la jirani si ukuta kwa utitiri.

Fanyeni hivi:
– Chagueni siku mbili zilizoachana siku 7. Kila kondoo wa kila mwanachama atibiwe siku zote mbili, hata yule anayeonekana mzima. Ombeni majirani wasio wanachama waje pia.
– Mwiteni afisa wa mifugo achome sindano au awafundishe. Gharama yake ikigawanywa kwa watu kumi ni ndogo.
– Badilisheni sindano mara kwa mara, na msirudishe sindano iliyotumika ndani ya chupa.
– Baada ya dawa, kondoo asirudi alipolala jana. Zizi la zamani likae tupu wiki 3. Mwenye ploti ndogo aegemeze mabati kwenye kona nyingine na kusugua nguzo na kamba za zamani. Manyoya yaliyodondoka yachomwe.
– Andikeni tarehe, uzito na kipimo cha kila kondoo.

Wenzetu wa nje wametuonyesha jambo hili kwa uzuri na kwa ubaya. Australia waliumaliza upele kabla ya mwaka 1900. Uingereza waliumaliza mwaka 1952, ukarudi mwaka 1973. Mwaka 1992 serikali yao iliacha kuushughulikia kwa sheria, kila mfugaji akaachiwa yake, na upele ukaenea tena. Dawa walikuwa nayo. Kilichopungua ni kufanya pamoja.

7. DAWA NI SUMU PIA

Diazinoni na dawa za namna hiyo hushambulia mishipa ya fahamu ya mtu. Vaa glavu, buti na aproni. Wajawazito na watoto wakae mbali. Mtu akianza kutoka jasho na mate mengi, kushindwa kupumua, na mboni za macho zikawa ndogo kama nukta, mvueni nguo, mwosheni kwa maji na sabuni, mkimbizeni hospitali pamoja na chupa ya dawa.

Maji ya dipu yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Chania na mto Thika huingia Tana. Ruiru na Ndarugu huingia Athi. Kuna watu wa chini wanaokunywa. Kwa kikundi kidogo sindano mbili ni salama zaidi kuliko pipa la sumu.

Kondoo anywe maji kabla ya kuogeshwa, asije akanywa dawa. Msiogeshe mwenye mimba kubwa wala mwenye vidonda wazi. Fanyeni asubuhi siku ya jua ili akauke kabla ya jioni.

Na kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Zimeandikwa kwenye chupa, na zaweza kupita mwezi. Kama kuna ngoima wa ruracio mwezi ujao, panga mapema. Mtie alama ya rangi asichinjwe kwa bahati mbaya.

8. KONDOO MGENI

Upele unaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kuonekana. Kwa hiyo kondoo yeyote aliyenunuliwa sokoni, aliyeletwa na mkwe au aliyepokelewa katika zamu ya kikundi akae peke yake wiki 4. Akaguliwe siku ya kufika na kila wiki. Kama hujui alikotoka, ongea na afisa wa mifugo atibiwe kabla ya kuchanganywa.

9. TURUDI KWA SHOSHO

Ni kwa nini waliogopa kusema? Kwa sababu katika kikundi kile aliyesema ndiye aliyelaumiwa. Mama wa kwanza aliogopa kuambiwa ameharibu mradi. Shosho aliogopa kuitwa mzee asiyeweza. Utitiri haukuwa na haya yoyote, ukaendelea na kazi yake.

Upele hauchagui mvivu. Humpata mwenye zizi safi kwa sababu ya kondoo mmoja aliyepita njiani. Basi vikundi vyetu viweke kanuni na kuiandika kwenye daftari: "Anayeripoti kondoo anayejikuna ndani ya siku tatu hatozwi faini wala hapotezi zamu yake. Dawa inatoka kwenye mfuko wa kikundi. Hakuna kondoo atakayepitishwa kwa mwingine kabla ya watu wawili kumpasua manyoya na kutia sahihi." Kanuni hiyo haigharimu hata shilingi, na bila hiyo dawa yote ya agroveti haitawatosha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, mtu akitangaza kuwa kondoo wake anaumwa, huwa tunamwambia nini? Je, maneno hayo humtia moyo kusema tena?
2. Kondoo wetu hukutana wapi na kondoo wa watu wengine? Chora ramani chini kwa kijiti.
3. Mwaka uliopita tulitumia pesa ngapi kununua dawa za mifugo kila mtu peke yake? Zilimponya nani?
4. Ni jirani gani asiye mwanachama ambaye tukimwacha nje tutakuwa tumefanya kazi bure? Nani atakwenda kumwona?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao kila mmoja apasue manyoya ya kondoo wake mahali kumi. Aje na jibu moja kati ya haya matatu: sikuona kitu, nimeona wadudu, nimeona ukoko. Aje nalo hata kama ni la aibu. Hasa kama ni la aibu.